NENO LIPI LIJAZE NAFASI?
Somo kwa wanaojiandaa na mitihani ya kujiunga na sekondari



 

Wanafunzi wetu wapendwa, hasa ninyi mlio madarasa ya juu ya shule za msingi, na ninyi wazazi wetu mnaowakagulia watoto madaftari jioni, katika jarida letu hili tumezoea kuwaandikia masomo ya fiqhi, sira na tajwidi. Mwaka huu tumeomba nafasi tuandike juu ya swali moja dogo la mtihani wa Kiswahili, lile linalosema: "Chagua neno sahihi kukamilisha sentensi ifuatayo." Huenda mtu akauliza, madrasa na mtihani wa Kiswahili wapi na wapi? Tunamwomba avute subira, maana lililotufanya tuandike limetokea humu humu madrasa.

Tulikuwa na kijana wetu mmoja, jina lake tunalisitiri. Alikuwa amehifadhi kuanzia Surat al-Baqara mpaka mwisho wa Surat an-Nisaa, na juzuu ya Amma juu yake. Sauti nzuri, adabu nzuri, shuleni si wa mwisho. Alikwenda kufanya mtihani wa kujiunga na seminari moja. Mama yake, ambaye hupika maandazi na vitumbua alfajiri, alikwishalipa fedha za fomu, na kwa matumaini aliyokuwa nayo alikwishanunua na tranka. Matokeo yalipotoka, kijana alikosa nafasi kwa alama mbili. Mama alikuja madrasa jioni ile akakaa barazani, akasema, "Ustadh, mwanangu Qur'an anaijua, sasa kimemshinda nini?" Hatukuwa na jibu. Tukamwita kijana, tukamwambia atuhadithie maswali anayoyakumbuka. Mojawapo lilikuwa namna hii:

"Kabla ya kusafiri kwenda Pemba, mzee Salim alimwachia jirani yake fedha ziwe ______, na aliporudi alikabidhiwa zote bila kupungua hata shilingi moja."
A. amani   B. imani   C. amana   D. amini   E. uaminifu

Kijana alijibu A. Tulipomuuliza kwa nini, alisema, "Ustadh, nilidhani mzee alisafiri kwa amani."

Sasa tazameni jambo hili. Aya ya 58 ya Surat an-Nisaa inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Kijana huyu alikuwa akiisoma aya hiyo kwa moyo, na neno lenyewe limo ndani yake. Alikuwa nalo kifuani, akakutana nalo kwenye karatasi, wasitambuane. Tulipokaa sisi walimu tukalizungumza, tuliona lawama kubwa si yake. Ni yetu. Tulikuwa tukiwapa wanafunzi msamiati kwa orodha: upande wa kushoto neno, upande wa kulia maana, wahifadhi kama wanavyohifadhi nambari za aya. Neno lililohifadhiwa peke yake hivyo ni rahisi kulipoteza. Neno hujulikana ndani ya sentensi.

Kijana mwenyewe, alhamdulillah, alijiunga na sekondari ya kata, anasoma, na jioni bado anakuja. Yeye ndiye aliyetuambia tuiandike habari hii ili wadogo zake wasipite alipopita yeye.

KILA SENTENSI INA SHAHIDI WAKE

Mmesoma katika fiqhi kwamba kadhi hahukumu kwa sura ya mtu wala kwa sauti yake, hutaka ushahidi. Basi na hapa fanyeni hivyo hivyo. Ndani ya sentensi, nje ya ile nafasi iliyoachwa wazi, daima kuna neno au maneno yanayosema ni jibu gani linatakiwa. Sisi darasani tumeliita neno hilo shahidi. Katika sentensi ya mzee Salim mashahidi ni watatu: "alimwachia", "alikabidhiwa zote" na "bila kupungua". Kitu anachoachiwa mtu, kisha akakirudisha kamili, kinaitwaje? Hata mtoto asiyelijua neno amana atajua kwamba hapa hatuzungumzii utulivu wala itikadi ya moyoni.

Njia tunayowafundisha sasa ni hii. Funika machaguo yote matano kwa rula au kwa kiganja. Soma sentensi mpaka kwenye nukta. Mtafute shahidi. Kisha jaza nafasi ile kwa neno lako mwenyewe, hata likiwa la kawaida sana, hata likiwa "kitu cha kutunziwa". Hapo ndipo ufunue machaguo, utafute lililo karibu zaidi na lako. Mkianza kwa kusoma machaguo, masikio yenu yatakamatwa na neno mlilozoea kulisikia, kama kijana wetu alivyokamatwa na "amani", nanyi mtaanza kuipinda sentensi ili ilifuate neno.

Tumesema "mpaka kwenye nukta" na tunarudia, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoanguka. Tazameni hii:

"Juma aliposhindwa kesi katika Mahakama ya Mwanzo hakuridhika na hukumu, akakata ______ katika Mahakama ya Wilaya."
A. tamaa   B. shauri   C. rufaa   D. kauli   E. tiketi

Maneno yote matano huandamana na "kata". Watu hukata tamaa, hukata shauri, hukata rufaa, hukata kauli, na tiketi tunaikata kila tunapopanda basi la Korogwe. Tulipoliweka swali hili ubaoni, wengi darasani walisema "tamaa". Wametoa wapi? Waliposoma "aliposhindwa" na "hakuridhika" walikwishafika, hawakuendelea. Lakini shahidi mkubwa alikuwa amekaa mwisho kabisa: "katika Mahakama ya Wilaya". Mtu hakati tamaa katika mahakama ya juu zaidi. Anayetoka mahakama ya chini akaenda ya juu hali hakuridhika na hukumu, huyo amekata rufaa.

Tukawabadilishia sentensi, machaguo yakabaki yale yale: "Juma aliposhindwa mara tatu alikata ______, akaacha kabisa kufanya biashara." Sasa ni tamaa, na shahidi ni "akaacha kabisa". Mara ya tatu: "Wazee walijadiliana usiku kucha, na kulipopambazuka wakakata ______ kwamba kisima kichimbwe karibu na msikiti." Hapo ni shauri. Orodha ni moja, majibu matatu. Anayetunga mtihani anajua kwamba "tamaa" ndilo litakalokuja kwanza mdomoni mwa mtoto, naye huliweka pale kwa makusudi. Kila chaguo lisilo sahihi lina kosa fulani la wanafunzi ambalo mtungaji amelikusudia. Kwa hiyo jibu likikujia upesi mno kwa sababu tu ya mlio wake, simama kidogo.

ULIMI WA TAJWIDI

Hapa ndipo tunapotaka wazazi watusikilize vizuri. Mtoto anayesoma madrasa ana faida ambayo wenziwe wengi hawana, isipokuwa hajui kwamba anayo. Kila siku tunamsahihisha makharij: hii thaa, hii dhaal, hii zaay, ulimi uguse hapa, usiguse pale. Akitoka nje ya mlango anasema "zahabu" na "zambi", kana kwamba ulimi ule ameuacha kwenye juzuu. Na mitihani ya Kiswahili inapenda sana maneno yanayotofautiana kwa herufi hizo tu.

Chukueni dhuru na zuru. Kudhuru ni kuleta madhara, na kuzuru ni kutembelea. "Watoto walikwenda kumzuru bibi yao" ni habari njema. Ukiandika dhuru, umeandika habari ya polisi. Asili zake ni mbili mbalimbali: ya kwanza inatokana na neno la Kiarabu lenye dhaad, ya pili lenye zaay.

Au rithi na ridhi. Waliosoma mlango wa mirathi na mlango wa ndoa hawana udhuru hapa. Mirathi ni mali inayoachwa na maiti, na kwa Kiarabu ina herufi thaa. Ridhaa ni kukubali kwa moyo, nayo ina dhaad. Basi "Baba alipofariki, watoto wali______ shamba la minazi" ni walirithi. Na "Binti aliulizwa mbele ya mashahidi kama ame______ kuolewa" ni ameridhi. Tulimsikia mtu mzima katika mkutano akisema "tumerithi uamuzi wa mwenyekiti". Watu hawakucheka, lakini sisi tulitazamana.

Kuna thibiti na dhibiti, ambayo hata magazetini huchanganywa. Kuthibitisha ni kuhakikisha kwamba jambo ni kweli, na kudhibiti ni kulishika jambo lisitoke nje ya mipaka. Daktari hupima damu ili athibitishe kama mgonjwa ana malaria. Mgambo huwekwa kijijini ili kudhibiti wizi wa mifugo. Kuna dhana, yaani wazo au fikra, na zana, yaani vifaa vya kazi. Seremala akibeba dhana zake begani tutamwonea huruma. Na kuna watatu wanaosumbua pamoja: thamani, samani, dhamana. Dhahabu ina thamani. Fundi hutengeneza samani, yaani meza, viti na makabati. Mshtakiwa huachiwa kwa dhamana akisubiri kesi yake.

Tuwe waangalifu katika jambo moja. Kiarabu kina dhaal, dhaad na dhaa, kila moja na makhraji yake, lakini Kiswahili kimezikusanya zote tatu kwenye dh moja: dhahabu ni ya dhaal, Ramadhani ya dhaad, adhuhuri ya dhaa. Kwa hiyo msiende kwenye mtihani wa Kiswahili mkitafuta tofauti ya hizo tatu. Tofauti mnayoulizwa ni ile ya dh kwa z, na th kwa s.

Wako pia wenzetu ambao ugumu wao ni wa l na r, kwa sababu ya lugha walizokulia nazo nyumbani. Si aibu, na tunakataza kabisa kuchekana humu darasani. Lakini dawa ni kuyaandika maneno hayo ndani ya sentensi mpaka jicho lizoee: bwana harusi hutoa mahari, na harusi hufanyika mahali fulani. Watu hualikwa kwenye karamu, na mwanafunzi huandika kwa kalamu. Fahali ni ng'ombe dume, fahari ni utukufu.

MANENO YA UKOO MMOJA

Tunarudi kwenye amani, imani na amana. Mtungaji aliyaweka pamoja kwa sababu yanafanana, na yanafanana kwa sababu ni ndugu. Yote yana mzizi mmoja wa Kiarabu, alif, mim, nun, pamoja na amini, mwaminifu na muumini. Mtoto wa madrasa akishaiona mizizi, maneno huacha kuwa mengi. Kitabu, katibu, katiba, maktaba: mzizi ni kuandika. Hukumu, hakimu, hekima, mahakama: mzizi mmoja. Elimu, mwalimu, taaluma, maalumu, ulamaa: mzizi mmoja. Na Suratul Fatiha, ambayo mtoto wa miaka mitano anaisoma, inagusa mizizi ya maneno ya Kiswahili yasiyopungua sita: himidi, rehema, miliki, ibada, neema na ghadhabu.

Lakini mzizi hukufikisha mtaani tu. Kuijua nyumba yenyewe inabidi utazame Kiswahili kimeliongezea neno nini. Mfano mzuri ni mzizi wa shin, ra, kaf. Hapo tuna shirika, ushirika, ushirikiano, mshiriki, na pia ushirikina. Mtoto anayejua shirki ni nini anaweza kuogopa maneno yote hayo pamoja! Mwache asome mashahidi. "Wakulima wa korosho huuza mazao yao kupitia chama cha ______" ni ushirika. "Kisima kilikwisha mapema kwa ______ wa wanakijiji wote" ni ushirikiano, kwa sababu ule mwisho wa -ano unatuambia watu wanafanya kitu wao kwa wao. "Badala ya kumpeleka mgonjwa hospitali walishughulika na mambo ya ______, wakizika hirizi mlangoni" ni ushirikina. Na "______ la umeme" haliwezi kuwa jingine ila shirika, maana "la" linashuhudia.

Sasa onyo, nalo ni la wale wanaojua Kiarabu zaidi. Maneno yaliposafiri kuja pwani, mengine yalibadilika maana njiani. Katika tafsiri mnafundishwa kwamba fitna ni mtihani au majaribu, lakini katika sentensi ya Kiswahili fitina ni maneno ya kuwagombanisha watu. Ghafla kwa Kiarabu ni kughafilika, na kwa Kiswahili ni kwa mara moja bila kutarajiwa. Karam kwa Kiarabu ni ukarimu, karamu kwetu ni chakula cha wageni. Humu ndani hadithi ni maneno na matendo ya Mtume (s.a.w.), huko shuleni hadithi ni kisa cha sungura na fisi. Mwanafunzi wetu mmoja aliulizwa katika mtihani ataje aina ya hadithi akaandika "sahihi, hasan na dhaifu". Tulimpa pole, ingawa kwa kweli tulifurahi kidogo.

SARUFI NAYO NI SHAHIDI

Kuna wakati hulijui neno wala maana yake, na bado unaweza kupata. Someni hii:

"Alipofika msikitini aliacha ______ vyake mlangoni akaingia ndani."
A. kandambili   B. makubadhi   C. viatu   D. ndala   E. kofia

Binti yetu mmoja aliyekuja kutoka bara alituambia hajapata kusikia neno makubadhi maishani mwake. Lakini alipata jibu kabla ya wenyeji wa Tanga. Alisema, "Ustadh, kuna vyake." Basi. Kandambili zake, makubadhi yake, ndala zake, kofia yake. Ni viatu peke yake vinavyokubali vyake. Wenyeji walikuwa wanabishana nini huvaliwa zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na maana, tazameni viambishi vilivyo jirani na nafasi: wake, yake, lake, vyake, zake, na vile vya vitendo. Mara nyingi vitakuondolea machaguo mawili au matatu. Ukibahatisha kati ya matano, una nafasi moja katika tano. Ukiondoa matatu yasiyowezekana, una nafasi moja katika mbili, na hiyo si kubahatisha tena bali ni nusu ya kujua.

Viunganishi tutavipitia haraka, kwa kuwa mnavisoma shuleni. "Bali" hutaka kanusho kabla yake: hakuchelewa kwa uvivu bali kwa mvua. "Licha ya" na "ingawa" hutangaza kwamba jambo la pili litakwenda kinyume na la kwanza. "Hivyo" na "kwa hiyo" hutangaza matokeo. Mkiviona, mmekwishajua kama neno linalotafutwa ni la kukubaliana au la kupingana.

Na majina ya makundi, tita la kuni, kichana cha ndizi, robota la pamba, bumba la nyuki, thurea ya nyota, hayana njia ya mkato. Haya ni ya kujua tu. Ingawa hilo la mwisho linapendeza: Thurayya ni jina la Kiarabu la zile nyota zilizokusanyika ambazo wazee wetu wakulima huziita Kilimia.

KWA WAZAZI

Hatuwaombi gharama kubwa. Gazeti la jana lililofungiwa sukari linatosha. Msomee mtoto sentensi moja, ziba neno moja kwa kidole gumba, mwulize: hapa pana neno gani, na umejuaje? Swali la pili ndilo lenye kazi. Akijibu sahihi bila kujua sababu, hesabuni kwamba bado. Akikosea lakini ana sababu ya maana, msimkaripie, mrudisheni kwenye sentensi. Mzazi ambaye hakusoma sana naye anaweza, tena pengine zaidi, maana mabibi zetu wana Kiswahili ambacho sisi wenye diploma tunakitafuta kwenye vitabu.

Kama kuna uwezo wa kununua kitabu kimoja tu, nunueni kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotayarishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, na toleo la pili likatoka mwaka 2004. Nakala iliyotumika, hata isiyo na jalada, inafaa. Ya madrasa ipo kwenye kabati la walimu, mnaruhusiwa kuja kuitumia baada ya Alasiri, ila haitoki nje.

MAZOEZI

Funika machaguo kwanza.

1. Moshi wa sigara hu______ mapafu ya mvutaji na ya aliye karibu naye. (zuru, dhuru, dhibiti, thibiti, rithi)
2. Kijana aliyeiokota pochi akaipeleka kwa mwenyewe ni ______ sana. (muumini, amana, mwaminifu, imani, amani)
3. Mwizi alikiri kosa lake mbele ya ______ aliyekuwa akisikiliza kesi. (mahakama, hukumu, hekima, hakimu, sheria)
4. Hakuitwa ofisini ili aadhibiwe ______ apewe zawadi. (lakini, ingawa, bali, wala, au)
5. Watu watatu walikula ______ ya kumwibia tajiri wao, lakini polisi walipata habari mapema. (kiapo, hasara, njama, chumvi, rushwa)
6. Juu ya mwembe wa shule kulikuwa na ______ zima la nyuki. (tita, robota, genge, bumba, lundo)
7. Kabla ya kuliuza shamba la marehemu baba yao, kaka mkubwa alitaka kwanza ______ ya ndugu zake wote. (thamani, ridhaa, dhana, mirathi, samani)

Majibu: 1. dhuru, shahidi ni moshi na mapafu. 2. mwaminifu, na shahidi ni "sana", kwa kuwa hatusemi "muumini sana" wala "amana sana". 3. hakimu. Wengi watasema mahakama, na "mbele ya mahakama" ni Kiswahili sahihi, lakini "aliyekuwa" ni wa mtu. 4. bali, shahidi ni "hakuitwa". 5. njama, shahidi ni "ya kumwibia" na ile "lakini polisi". 6. bumba, shahidi ni nyuki.

La 7 hatuliandiki. Tutalisikiliza Jumamosi baada ya swala ya Alasiri, na kila mmoja aje na jibu pamoja na shahidi wake.